Ndoo Mbili za Maji

Mjomba Eulises hakuwahi kujiita msanii.
Alikuwa mwandika herufi:
vibao vya vinyozi, bei ya samaki,
HAKUNA MKOPO kwa rangi nyekundu,
na kwenye majeneza, kwa brashi ya nywele chache,
jina la mtoto wa mtu.
Malipo kwa herufi. Mwenye jina refu
alilipa zaidi hata akishakufa.

Quibdó mvua hainyeshi, inaishi.
Ina kiti chake mezani.

Licenia Palacios alipokuja kuchora
ukuta wa ghala kando ya mto,
mimi nilimbebea makopo.
Dukani aliomba rangi ya ngozi,
akaletewa kopo la waridi,
waridi wa kamba aliyechemshwa.
Akauliza: ngozi ya nani?
Muuzaji akaligeuza kopo, akasoma,
kana kwamba jibu limeandikwa chini yake.
Basi tukachanganya wenyewe:
hudhurungi, buluu kidogo, kijiko cha kahawa,
na kila uso tulianza upya,
maana weusi wa Yeferson si weusi wa Darlin,
na mama zao walisimama nyuma yetu
wakisema: hapana, ongeza.
Hapana.
Hapo. Hapo hapo.

Nyuso kumi na moja.
Waliotoka kununua mkate, kucheza mpira,
kumsindikiza mpenzi hadi kona,
na faili zao zikalala kabatini,
kabati ambalo kila karani husema
ufunguo uko kwa mwenzake.

Ukuta haukudai kitu. Ulitazama tu.
Hilo ndilo lililowashinda kulivumilia.

Wiki moja kabla ya waziri kuja
manispaa wakamwita mjomba.
Rangi ya kijivu, ndoo sita, pesa taslimu,
kazi iishe Alhamisi.
Mama akasema: kubali, tuna deni la gesi.
Licenia hakusema neno; alimtazama
kama umtazamavyo mtu aliyekalia kofia yako.
Akakubali.

Nilishika ngazi, sikumsemesha.
Alianza na macho, nikamchukia.
Siku hizi nadhani ilikuwa huruma,
wasiyaone yanayofuata.
Ila hili niliona: kila ndoo ya rangi
aliizimua kwa ndoo mbili za maji ya mto,
akikoroga polepole, kama mpishi
aliyepata wageni wengi kuliko wali.
"Mjomba, hii haitashika."
"Wewe shika ngazi."

Waziri akaja, akapigwa picha mbele ya kijivu,
akalitafuna neno maendeleo mpaka likaisha utamu,
akaondoka.
Saa tisa alasiri mvua ikarudi kazini.

Kwanza lilitokea sikio.
Halafu meno ya Darlin, yale yaliyopishana.
Kijivu kikateremka mtaroni kama uji,
na Bi Teófila akatoka bila mwavuli,
akasimama mbele ya mwanawe,
akamfuta shavu kwa kiganja.

Sitasema haki ilitendeka.
Kabati bado limefungwa.
Serikali haikumpa mjomba kazi tena,
vinyozi nao wakaanza kumwogopa,
na deni la gesi tulililipa kwa kuuza redio.
Mama alinuna hadi Krismasi.
Walipomhoji alijibu:
rangi ni ile mliyoninunulia,
mvua si yangu.

Miezi ikapita. Jioni moja akanipeleka ukutani
na brashi ile ya majeneza.
Chini ya kila uso akaandika jina kamili,
koo zote mbili, ya baba na ya mama,
bila kufupisha hata moja.
Nikamuuliza nani analipa.
Akarudi nyuma hatua tatu,
akahesabu kwa midomo, kimya, kutoka kushoto.
"Herufi mia mbili sitini na tatu," akasema.
"Hizo nadaiwa mimi."

Mvua ilikuwa imepumzika kidogo.
Tukafanya haraka.