Betri Juu ya Jiwe

Nyumba yetu Mabatini ilikuwa chini ya jiwe.
Si mlima, jiwe: moja tu, kubwa kuliko nyumba,
limekaa pale kama mgeni asiyesema anaondoka lini.
Mchana lilikunywa jua, usiku likatupumulia joto.

Juu yake mama alianika dagaa upande wa ziwa,
baba akaanika betri sita upande wa njia,
na mimi kazi yangu kufukuza korongo,
ambao, nakuapia, betri hawakuzitaka
ila walizitazama sana.

Jioni anazishusha. Anaziuma ubavuni moja moja
kama anayeonja hindi kama limeiva,
anazipanga ndani ya redio kaseti, anafunga na mpira.
Tunakaa.
Gitaa linaanza.

Ngoja nikuambie gitaa lile.
Lilikuja likitembea, likaanza kuchechemea.
Mwimbaji aliingia na sauti ya kijana wa harusini,
ubeti wa pili ndevu zimemtoka,
wa tatu ana wajukuu,
na mwisho mzee, mzito, anazama neno kwa neno
kama nanga ya mtumbwi inayotafuta tope,
mpaka mmmm,
halafu kimya, halafu vyura.

Nilidhani ndivyo nyimbo zinavyoisha.
Nilidhani kila usiku tunamzika mtu
na baba anajua, ndiyo maana havui kofia.
"Kesho jua likiwaka atafufuka," husema,
na kweli, saa moja jioni alifufuka,
kijana, hana habari.

Masika hatukuwa na muziki.

Lugha ilikuwa ya Kongo, hakuna aliyeijua.
Akisema "motema", sisi tulisikia mtama.
Dada Nkwimba akatutafsiria:
analilia shamba lake, ndege wamekula mtama wote.
Ilikuwa sawa kabisa. Mwaka ule kwelea kwelea
walimaliza wa babu kule Magu,
na shangazi Holo akaja na kapu tupu kichwani,
akakaa mlangoni, akalia vilevile,
akishuka, akishuka.
Nikampenda yule mwimbaji.
Nikamwekea punje tatu nyuma ya spika
na asubuhi hazikuwepo.
(Panya. Sasa najua ni panya.)

Baba aliishia Bugando, wodi ya juu,
dirisha linaloona mawe yote ya mji.
Alikuwa anasema jambo kuhusu bati,
bati la jikoni, misumari,
na sauti ikaanza kuchechemea.
Mimi, mtu mzima, mwenye watoto,
nilitoka nje kutazama kama kuna jua.

Juzi Sayi, mtoto wa Nkwimba, ameupata ule wimbo kwenye simu.
"Huu hapa, mjomba."
Mungu wangu, mbio hizo!
Huyu anafukuzwa na nani?
Gitaa safi, limeoga, limepakwa mafuta,
sauti nyembamba ya mtu aliyeshiba,
na mwisho hazami, anaondoka tu
huku bado anaimba, mlango ukifungwa taratibu.

"Na motema ni moyo," Sayi akasema. "Si mtama."
"Najua," nikamwambia.
Sikujua.

Nikamwomba aupunguze mwendo.
Akasema inawezekana, kuna mahali pa kubonyeza.
Ukapungua. Lakini sauti haikushuka, haikuota ndevu,
ilivutika tu kama ndala iliyochoka.
Nikamrudishia simu yake, nikamshukuru.

Nkwimba alikuwa jikoni anachambua dagaa,
mgongo ametugeuzia, hasikii vizuri siku hizi.
Anaimba chini chini, polepole,
ndege, mtama, ndege,
na alipofika pale
akazama.