Mizani ya Jibini

Lamara aliniazima mizani yake ya jibini,
ile ya sahani mbili, shaba imechakaa ukingoni.
Akaifuta chumvi kwa aproni, akasema:
pima, lakini usinivunjie.

Upande huu nikaweka kamera ya baba,
nyeusi, pana, yenye kioo kinachopiga kofi kila picha,
na lenzi yake ndefu, ile ya kuvuta,
iliyowahi kuwaleta mbuzi wa miamba
hadi mezani petu Kutaisi, ndevu na macho.
Upande wa pili Lamara akaweka jibini.
Akaongeza la pili. La tatu akalikata nusu.
Mizani ikatulia.
Majibini mawili na nusu, akasema, kwa ajili ya picha!

Dukani Tbilisi, Zviadi alikuwa ameniapia:
lenzi hii haina uzito, utaisahau begani.
Lakini ngazi ndefu kuliko zote anazopanda Zviadi
ni ile ya stoo.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Goti la kushoto ni langu, miaka hamsini na mitatu ni yangu,
na Mestia hadi Ushguli ni siku nne,
kupanda, kushuka, kupanda tena,
kana kwamba aliyeichora njia alikuwa na kinyongo.

Basi nikatoa ile ndogo,
ya mtumba, isiyo na kioo, ngozi imebanduka pembeni,
na lenzi moja fupi, milimita thelathini na tano,
bapa kama andazi lililokaliwa.
Nusu jibini, na kipande cha paka.
Betri tatu. Kadi mbili. Kitambaa.
Ile ndefu nikaiviringisha kwenye sweta
nikaifukia katika sanduku la unga, Lamara akiapa
kwamba nyumbani kwake hakuna panya mpiga picha.

Siku ya tatu, mto wa Adishi,
maji ya barafu, ya kijivu kama ya fundi wa simenti.
Jokia mwenye farasi akalitazama begi langu:
Ni hilo tu? Jana Mjerumani mmoja
alikuja na mikoba miwili ya lenzi, farasi akagoma.
Akafanya nini?
Akabaki ng'ambo, akampiga picha farasi.

Nilicheka mpaka kileleni.
Kule juu, kwenye ukingo wa mwamba, wakatokea mbuzi,
saba, pembe zao zimeibeba mbingu.
Nikainua kamera. Ndani ya fremu
walikuwa chembe saba za mchanga.
Nikaishusha. Nikatukana.
Husema jicho ndilo lenzi bora;
husema hivyo walioshiba picha.
Niliwatazama mpaka wakaondoka
na sitasema kwamba nilishukuru.

Lenzi fupi haijui kuchungulia dirishani.
Lazima ubishe hodi.
Iprari nikabisha, uwanjani kwa mzee Gegi,
akifyeka nyasi kwa mundu wa mpini mrefu.
Hatua kumi, alikuwa kibanzi. Tano, alikuwa koti.
Hatua moja, akanipa reki:
ukitaka kusimama hapo, fanya kazi.
Nikakusanya nyasi hadi jua likainama,
kamera kwapani, nimeisahau kweli.
Aliponyoosha kiganja kupokea reki yake,
chenye vidole vinne na vumbi la kijani,
ndipo nikabonyeza. Mara moja.

Niliporudi, lenzi ya baba ilikuwa imekula unga.
Pete yake ikasaga nilipoizungusha,
kwe, kwe, kama kinu. Sikumwambia Lamara.
Alikuwa ameshika kamera ndogo kwa mikono miwili,
amekitazama kiganja cha Gegi muda mrefu kuliko nilivyotarajia,
halafu akauliza haraka: na mbuzi?
Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akahesabu kwa ukucha.
Sita, akasema.
Saba, nikasema.
Sita.
Umeme ukakatika tukiwa bado tunabishana.