Oya

Kwa lugha aliyokuja nayo, oya ni hapana.
Hapa Kizota, oya ni wewe, sikia, njoo.
Ndiyo maana siku ile ya kwanza mtaani
kila alivyokataa watoto walizidi kumsogelea,
na kila waliposogea alizidi kupaza, oya, oya,
viganja masikioni, mgongo ukutani kwa mama Sechelela,
nami nimesimama na nusu kilo ya sukari
nisijue kuwa neno moja limewapasua.

Tulimleta kwa treni kutoka Kigoma, mimi na Ndahani,
baada ya miaka mitatu ya mihuri, ya Bujumbura na ya kwetu,
na afisa ustawi aliyepima hadi upana wa kitanda.
Honi ilipolia Tabora akajiingiza chini ya kiti
akakaa huko mpaka Manyoni.
Ndahani alilala sakafuni kando yake, na suruali yake ya kanisani.
Hakumgusa. Alimwekea tu kiganja wazi.
Karibu na Saranda, kidole kimoja kikafika.

Mimi ni fundi cherehani, nikadhani nitaweza.
Kaptula ya kaki aliivulia getini.
Shati aliling'oa mbele ya mwalimu, vifungo vikaruka.
Mkaidi, wakasema. Mpelekeni akaombewe.
Na wifi yangu, akipuliza mlenda wake:
Mgogo gani huyu asiyemeza mlenda?
Nikamlazimisha, naungama. Kijiko kimoja,
kidevu nimekishika.
Alitapika, kisha akapangusa sakafu mwenyewe
kwa fulana yake, polepole,
akifuata nyufa za saruji hadi mlangoni.
Tangu hapo ugali wake ni mkavu, na chumvi, na umepoa.

Usiku mmoja nililala na sare yake shingoni mwangu
nikaisikiliza kwa ngozi.
Kumbe pindo ni mwiba, ukipewa muda wa kuusikia.
Kulipokucha nikafumua kila kitu, nikakata lebo,
nikashona upya, mishono ikatazama nje.
Wenzake wanamcheka kuwa kavaa kinyume.
Wacheke. Anarudi saa nane akiwa bado amevaa.

Mvua je? Huku mvua huombewa, msikitini na kanisani,
na ikishuka kwenye bati mtaa mzima hupiga vigelegele.
Yeye huwa chini ya meza yangu ya kukatia, anatetemeka,
nami huomba ikome, Mungu anisamehe,
na zabibu za watu zinaungua kule Mpunguzi.

Kwenye karatasi anaitwa Butoyi.
Mwaka mzima nimeliita jina hilo bila kuliuliza.
Muuza dagaa wa soko la Majengo, mwenyeji wa Kasulu, ndiye aliyeniambia:
huyo ni pacha wa nyuma, mama. Wa mbele huitwa Bukuru.
Akaendelea kupima dagaa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu.
Zile zabibu anazozipanga mbilimbili dirishani,
moja akala, moja akaiacha mpaka isinyae,
nilikuwa nazitupa. Nilizitupa kila jioni.
Na pale kitandani, ukingoni kabisa, anapojibana,
nilidhani anaogopa ukuta.

Tumeandika barua. Majibu hayajaja.
Ndahani anasema tusimtajie jina lile, asije akangoja.
Mimi nasema tayari anangoja.
Hatujakubaliana.

Leo asubuhi niliinua mkono nimnyooshee kola
akasema, oya.
Nikaurudisha mkono.
Akatazama vifungo vyangu, si macho, huwa hatazami macho,
akasema tena, kwa lafudhi ya watoto wa Kizota:
Oya, mama.

Sijui ilikuwa lugha ipi.
Nilisogea nusu hatua.