Kidaka cha D Saba

Mjomba Mbarak, mpishi wa meli, alishuka Kilindini
na kitu cheusi kimefungwa ndani ya taulo,
si kikubwa kuliko sinia ya kaimati.
"Kompyuta," akasema.
Mama akauliza kama yala.

Tuliitia waya mmoja kwenye televisheni ya Kichina,
ile ya rangi mbili, nyeupe na isiyo nyeupe sana,
na waya wa pili kwenye rekoda ya kaseti.
Vitufe vyake vya mpira: ukivibonyeza vyanyumbuka kama halua.
Programu ilikaa ndani ya tepu,
na kutoka humo ilitoka kwa dakika tano za kelele,
bati likikwaruzwa msumari,
hata Bi Tima wa juu akagonga sakafu kwa mchi:
"Mwamchinja nani huko chini?"

Kisha kimya. Kisha ukuta.
Ukuta wa zidaka, kama ule wa ukumbi wa nyanya, Kibokoni,
kabla nyumba haijauzwa.
Herufi zimepita juu, namba zashuka ubavuni,
na kila kidaka kitupu, chasubiri bakuli lake.

Tukaweka unga. Tukaweka sukari, nazi kumi na mbili,
iliki, mafuta, makaa ya Mwembe Tayari.
Mama akisoma daftari lenye madoa ya samli,
mimi nikichapa kwa kidole kimoja.
Majina ya wadaiwa hayakuenea,
mashine ilitoa nafasi ya herufi tisa, basi.
Mwanakhamisi akawa MWANAKHAM.
Fundi Abdulrahman akawa FUNDI ABD.
"Mwache hivyo hivyo," mama akasema,
"nusu ya jina kwa nusu ya deni. Yote halipi."

Nikamwonesha: unga, upandishe shilingi moja.
Skrini ikafikiri. Zidaka zikapepesa
kimoja, kingine, kingine, mpaka chini kabisa
kwenye faida ya hamri moja.
Mama akasimama.
Hesabu hiyo aliijua miaka yote, kwa kiganja,
kwa uzito wa pochi jioni,
ila hakuwahi kuiona ikikimbia.
"Shusha." Nikashusha.
"Pandisha."
Mpaka adhana ya isha tukawa twapandisha na kushusha
unga wa mji mzima.

D saba kilikuwa cha baba. Baba alikuwa Sharjah,
na barua zake zilikuwa kaseti.
Nilitaka kuandika sifuri, mama akanishika mkono.
"Sifuri ni jibu," akasema. "Huyu hajajibu."

Usiku ule stima ilipepesa mara mbili,
na kila aliyekulia Kuze aijua maana ya mara mbili.
Nikachupa juu ya kabati, nikachukua kaseti ya kwanza,
nikahifadhi kila kitu: unga, wadaiwa, faida.
Giza lilipoingia nilikuwa najisifu.

Ijumaa, baada ya chakula, mama aliiweka ile kaseti.
Sauti ya baba, na feni nyuma yake:
"...na huyo mtoto mwambie asome. Ama kuhusu pesa,
mwezi huu nitawatumia shi—"
kisha bati, kisha msumari.

Nilitazama mkeka.
Mama hakuizima. Aliisikiliza kelele yote, dakika tano,
kichwa ameinamisha kidogo, kama mtu
anayeelezwa jambo kwa lugha ya jirani.
"Humo mna sisi?" akauliza.
"Mna unga," nikasema. "Mna Fundi ABD."
"Haya."

Pesa zilikuja mwezi wa Rajabu. Kiasi gani, hakuniambia.
Alizihesabu akiwa amenipa mgongo,
akazifunga kwenye pindo la leso,
akaandika katika daftari lake la samli.

D saba kilibaki wazi.
Jumla ya chini haikumngoja,
ilitoka palepale, safi, bila yeye.
Niliirudia kwa kalamu nikitumai imekosea.
Ilikuwa sahihi hadi senti.