Mia Mbili na Arobaini

Wingi wa kapi ni makapi, kama ya mpunga,
lakini hili la ghorofa ya tatu, Mtaa wa Sikukuu,
si la kupeperushwa. Ni chuma kikuukuu, kinalia
kila asubuhi mpaka Zamoyoni akipake grisi
kwa kidole kilekile atakacholia chapati.

Upande huu ndoo ya kifusi, kilo thelathini, inashuka.
Upande ule ndoo ya zege, kilo ishirini, inapanda.
Kati yao kamba ya katani, na mimi,
kibarua wa elfu kumi na tano kwa siku,
mtahiniwa wa kujitegemea, fizikia mara ya pili.

Jioni, Gerezani, nyuma ya duka la betri,
Mwalimu Nkwabi anachora kwa chaki iliyobaki ukucha:
"Usizitazame zote mbili kwa pamoja. Zitenge.
Iulize kila ndoo peke yake, kama shahidi:
nani anakuvuta chini? Nani anakuvuta juu?"

Ya kifusi ikajibu: chini ni dunia, niutoni mia tatu;
juu ni kamba, kiasi gani sijui.
Ya zege ikajibu: dunia, mia mbili;
juu ni kamba hiyohiyo. Na mimi sijui.

Nikasema mia tano, nimezijumlisha.
Kondo wa benchi la nyuma akasema mia, tofauti yao.
"Nyote mmekosa. Kamba moja, mkazo mmoja. Andikeni."

Mia tatu toa mkazo: thelathini mara mchapuko.
Mkazo toa mia mbili: ishirini mara mchapuko.
Nikajumlisha mistari miwili
na mkazo ukajifuta wenyewe,
kama deni la majirani wanaodaiana kiasi kilekile.
Ikabaki mia, kwa kilo hamsini.
Mchapuko ni mbili.
Nikarudi nyuma kuufuata mkazo, nikaukuta umejificha:
mia mbili na arobaini.

Si mia tatu za mzito. Si mia mbili za mwepesi.
Nilitembea na namba ile hadi Buguruni kwa miguu.
Kumbe mzito anaposhuka
haitwishi kamba uzito wake wote;
sehemu anaila mwenyewe, kwa kukimbia.

Alhamisi kamba ilikuwa imeota ndevu karibu na fundo.
Niliziona ndoo zimeshaachiwa.
Fundi Mwinshehe naye aliziona: "Shika! Ishikeni!"
Zamoyoni akanyoosha mikono.

Ningemwelezaje, na kwa muda gani,
kwamba ukiishika mkazo unapanda hadi mia tatu,
ukiikaba ghafla unapita hapo,
na chini hakuna mtu, ni mchanga tu wa Mpiji?
Nikampiga kikumbo.
"Iache!"

Mita tisa, mchapuko mbili: sekunde tatu.
Moja. Kapi likapiga yowe.
Mbili.
Kifusi kikajizika mchangani,
ndoo ya zege ikaruka, ikagonga kapi, ikanasa,
ikatumwagia sote, fundi kwanza.

Hakusema neno. Aliifungua kamba,
akaikanyaga ncha moja, akaivuta kwa mgongo mzima
na ikaachana mikononi mwake, taratibu, kama mkate.
Akanitazama.
Kisha akanikata nusu siku kwa ajili ya zege lililomwagika.

Zamoyoni hakunisemesha hadi Jumamosi,
bega lilikuwa linamuuma.
Jumamosi akaniuliza: "Hiyo mia mbili arobaini, uliipima na nini?"
Nikamchorea kwenye mfuko wa saruji, kila ndoo peke yake.
Akaitazama mishale kwa muda mrefu.
"Sasa mimi," akasema, "nilikuwa mshale upi?"

Mei, chumba cha mtihani, swali la nne, kwa Kizungu:
chukulia kamba haina uzito
na kapi halina msuguano.

Nikachukulia.
Zege lilikuwa bado chini ya ukucha wangu wa kalamu.