Pimamaji

Miaka saba vitu vyangu viliishi sakafuni:
sufuria, ndoo ya unga, viatu vya shule vya Ndalahwa,
vyeti vyangu ndani ya mfuko ndani ya mfuko.
Chumba chetu kimeegemea jiwe, huku Igogo,
na mvua ikinyesha mlimani maji hayaulizi njia.
Hushuka kati ya majabali,
hupita chini ya mlango bila hodi,
huonja unga, huondoka na kandambili moja.
Kila mara moja. Ile ya kushoto.

Mwezi wa nne yalichukua daftari la hesabu.
Tulilikuta kesho yake limenasa mwibani,
majibu yote yamevuja, yamebaki maswali.
Nikasema, basi.

Nyakato, nyuma ya kiwanda, mlinzi Masalu
huuza paleti zilizovunjika, nusu kwa siri.
Nilinunua nne. Mbao laini, nyeupe,
zimepigwa mhuri wa herufi nisizoweza kuzisoma,
zimesafiri kuliko ukoo wangu wote.
Na Mwaloni, kwa fundi Bahitwa aundaye mitumbwi,
nikapata ubao mmoja wa mvule,
tako la mtumbwi uliostaafu,
mfereji wa kalafati bado umeuma pamba.
Huo hakuutajia bei.
"Chukua," alisema, "ila usiuchome."

Kung'oa msumari ni kazi ya subira na matusi.
Wa paleti hujikunja kwa ndani kama mtu mwenye siri;
ukiuvuta kwa hasira hutoka na nyama ya ubao.
Ndalahwa alikaa juu ya jiwe, kokoto mkononi,
akinyoosha, ka, ka, ka, misumari sitini na mmoja,
akihesabu kwa sauti.
Nadhani hesabu iliyopotea ilianza kurudi hapo.

Mpini wa nyundo ukakatika.
Kuvunjika kwa koleo, nikajisemea,
nikaenda kuazima kwa Nkwimba muuza mkaa,
aliyeniuliza tangu lini mwanamke ananukia oili chafu.
Tangu mchwa waanze kula bila kulipa, nikamjibu.

Fundi halisi ana pimamaji.
Mimi nilijaza chupa nusu, nikailaza ubaoni,
nikangoja maji yatulie, yaseme.
Yakasema: sakafu yako imelalia huku,
ukuta wako umelalia kule,
na jiwe halijawahi kukuahidi kitu.
Nikacheka peke yangu.
Miaka saba maji yamenipima mimi;
leo ndiyo kwanza nayatuma kupima kitu kingine.

Nikakata mguu mmoja. Nikakata tena. Ukawa mfupi.
Nikauvisha kisigino cha kandambili,
ya kulia, iliyokuwa ikimsubiri mwenzake.

Kimesimama. Kichanja, ngazi tatu.
Juu paleti, katikati paleti,
chini kabisa mvule, maana huo maji unayajua.
Unga ulipopanda ngazi ya kwanza
niliuangalia kama mgeni aliyekaribishwa kiti.
Vyeti vikakaa juu, karibu na bati,
na nikavitoa kwenye ule mfuko wa ndani.

Usiku wa Jumanne mvua ilikuja.
Niliyasikia yakiingia. Yakazunguka miguu minne,
yakapapasa pale ndoo ilipozoea kukaa,
yakapapasa tena.
Nikageukia ukutani.
Asubuhi sabuni haikuwepo; niliisahau chini, kosa langu.
Na mvule ulinukia dagaa upya, kama umeota.

Kasoro iko moja.
Ndimu ukiiweka ngazi ya pili haikai,
huenda kushoto, polepole,
kama inayejua ziwa liko wapi.
Ndalahwa amepigilia ukingoni rula iliyovunjika.
Ndimu hufika sentimita ya tatu, hugonga,
hutulia.