Shabu na Gundi

Kabla ya rangi kuna shabu na gundi,
na kabla ya gundi kuna mimi, Otose,
mke wa mpiga chapa, uchochoro wa nyuma, Edo.
Gundi ya ngozi ya ng'ombe, vuguvugu,
inanuka kama mfuko wa ngozi ulionyeshewa.
Brashi pana, mpako mmoja mrefu.
Ukisita, rangi nayo itasita papo hapo,
na Genshichi atakutupia jicho, si neno.
Paka wa jirani huja kuonja vidole vyangu,
hukunja uso, huenda zake.

Juu ya vichwa vyetu, kambani,
karatasi mia mbili za mforosadi
zinakauka kama nepi
za mtoto ambaye hatukumpata.

Mchoraji alileta mchoro ndani ya kitambaa cha hariri:
fundi wa mikeka, goti moja chini,
sindano ndefu, uzi angani,
uzi wenyewe kaushika kwa ncha za vidole
kama bibi harusi ashikavyo kikombe.

Yasobei mchongaji aliutazama, akakohoa.
Baba yake alishona mikeka miaka arobaini.
Mchoro hubandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri,
kisha kisu huula, unywele kwa unywele;
haubaki wa kutoa ushahidi.
Usiku ule taa yake ilichelewa kuzima.

Asubuhi, chapa ya kwanza, wino mbichi:
uzi umezungushwa mkononi, umekazwa kwa kiwiko,
na kwenye kiwiko, mikato mitatu,
midogo kuliko chawa:
sugu.
Genshichi alisimama. Akajifuta kiganja.
Tangu hapo, kisugulio chake cha ganda la mwanzi
kilipofika pale, kilielemea.

Mchoraji akaja, akainamia karatasi kitambo.
"Sikumbuki kuchora kiwiko hivi."
Yasobei alikuwa ananoa.
"Mti una mafundo, bwana."
Jina la mchoraji likabaki pembeni, jeusi, limenyooka.

Zikauzwa, moja kwa bei ya bakuli la tambi.
Niliyonayo ni iliyoharibika,
nili imeruka mpaka, mbingu imemwingia fundi begani.
Nimeziba nayo ufa karibu na jiko.
Moshi umeshamla uso,
kiwiko bado.

Kesho mia mbili nyingine, sijui picha gani.
Ngoja niloweke gundi.